Kuchagua Magurudumu ya Kaboni ya Baiskeli ya Barabara: Mwongozo kwa Mnunuzi

Utangulizi

Gurudumu la baiskeli ni chombo chepesi kibebacho mzigo mzito. Mtu wa kilo 70 anaposhuka mteremko kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, uzima wake umeegemea tairi mbili zisizozidi upana wa vidole viwili, pamoja na duara mbili zinazozishikilia tairi hizo. Duara hizo zikiwa imara, safari hupita bila yeye kuzikumbuka. Zikiwa na kasoro, hana muda wa kujitetea.

Magurudumu ya kaboni, ambayo hapo awali yalikuwa ya wanamichezo wa kulipwa, sasa yanapatikana katika maduka ya miji yetu mikubwa, na watu wengine huyaagiza kwa intaneti kutoka ng'ambo. Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabara yaliyofanyika Kigali mwezi Septemba 2025, ambayo yalikuwa ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, yaliwawezesha watazamaji wa kanda yetu kuyaona magurudumu hayo yakipanda na kushuka vilima sawa na vile wanavyovipanda wao wenyewe. Ni jambo la kawaida mtazamaji kutamani chombo alichokiona kikishinda.

Tunaandika somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni fedha: jozi moja ya magurudumu haya yaweza kuzidi bei ya baiskeli itakayofungwa. Ya pili ni usalama: gurudumu lisilofaa kwa breki, kwa tairi au kwa barabara husika laweza kumwangusha mwenye kulitumia, hata kama lilitengenezwa vizuri kiwandani. Mwishoni mwa somo, msomaji aweze kutaja aina ya uendeshaji wake, kuchagua kina na upana wa rimu vinavyomfaa, kukagua gurudumu kabla ya kulilipia, na kujua haki zake mambo yakienda kombo.

1. Kaboni ni nini?

Rimu, ambayo mafundi wengi huiita ringi, ndiyo duara ya nje inayobeba tairi. Rimu ya kawaida hutengenezwa kwa alumini. Rimu ya kaboni hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba za kaboni zilizolazwa tabaka juu ya tabaka, zikashikamanishwa kwa gundi maalumu iliyokaushwa kwa joto ndani ya kalibu. Nyuzi ndizo zinazoleta nguvu, nayo gundi huzishika zisitawanyike. Kwa hiyo ubora wa rimu hautokani na kaboni peke yake. Hutokana na jinsi tabaka zilivyopangwa na jinsi gundi ilivyoiva.

Faida kubwa ya kaboni ni kwamba mtengenezaji aweza kuifanya rimu iwe ndefu kwenda chini, yaani yenye kina, bila kuifanya nzito kupita kiasi. Rimu ya alumini yenye kina kama hicho ingekuwa mzigo.

Kasoro yake ni namna inavyoharibika. Alumini ikigonga shimo mara nyingi hupinda, na mwenye baiskeli huona gurudumu likiyumba, akaenda kwa fundi. Kaboni haipindi kwa namna hiyo. Hustahimili, au hupasuka. Wakati mwingine ufa huanzia ndani, mahali ambapo jicho halifiki, ukaendelea kukua siku baada ya siku. Jambo hili msomaji alikumbuke katika somo lote, kwa maana ndilo linalotofautisha ununuzi huu na ununuzi wa gurudumu la kawaida.

2. Vipimo vitatu vya kuzingatia

Kina. Hiki ni kipimo cha rimu kutoka ukingo wa tairi hadi mahali spoki zinapoingia, na hutajwa kwa milimita. Rimu fupi huwa na kina cha milimita 25 hadi 35, rimu za wastani 40 hadi 50, na rimu ndefu 55 na kuendelea. Kadiri kina kinavyoongezeka, hewa hupita kando ya gurudumu kwa utulivu zaidi. Jambo hili lina uzito kwa sababu ukinzani wa hewa hukua upesi kuliko mwendo wenyewe. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 20 hadi 40 kwa saa, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nguvu inayohitajika kuushinda huongezeka mara nane. Ndiyo maana anayekimbia sana katika tambarare hufaidika na rimu ndefu, ilhali anayetembea polepole kwenda kazini hatahisi tofauti yoyote.

Uzito. Wauzaji wengi huanza na uzito, kwa kuwa ni rahisi kuutaja. Tunamshauri mnunuzi apige hesabu mwenyewe. Tuseme mwendeshaji na baiskeli yake wana jumla ya kilo 80, na magurudumu mapya yamepunguza gramu 300. Huo ni upungufu wa takriban asilimia 0.4. Katika mlima mkali, ambapo karibu nguvu zote hutumika kuinua uzito, mtu anayepanda kwa muda wa saa nzima ataokoa takriban sekunde 13. Kwa mshindani, sekunde hizo zaweza kuwa tofauti kati ya ushindi na nafasi ya tano. Kwa asiyeshindana, maji ya nusu lita aliyoyabeba yana uzito unaozidi gramu hizo.

Wengine husema kwamba uzito unaozunguka huhesabiwa mara mbili. Kauli hiyo ina ukweli wakati wa kuongeza kasi tu, kama vile kuchomoka katika kona. Mwendo ukishatulia, gramu ya rimu ni sawa na gramu nyingine yoyote iliyomo katika baiskeli. Mshindani akumbuke pia kwamba kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI, haziruhusu baiskeli ya mashindano kuwa na uzito chini ya kilo 6.8. Ambaye baiskeli yake imekwisha kufika kiwango hicho hapati faida ya kulipia wepesi zaidi.

Upana. Upana wa ndani wa rimu ndio unaoamua tairi ipi itakaa vizuri. Zamani rimu zilikuwa nyembamba na tairi za milimita 23 zilitosha. Siku hizi rimu nyingi za barabara zina upana wa ndani wa milimita 19 hadi 25, na tairi zinazotumika sana ni za milimita 28 hadi 32. Tairi pana hujazwa upepo mdogo, humeza mitetemo ya barabara, na huilinda rimu dhidi ya mashimo. Katika barabara zetu, kipimo hiki aghalabu kina manufaa kuliko gramu mia moja za wepesi.

3. Gurudumu na barabara yake

Milima. Kwa mtu wa Iten, Kabarnet au viunga vya Limuru, ambaye safari yake ni kupanda na kushuka, rimu ya milimita 30 hadi 40 inatosha. Ni nyepesi, tena ni tulivu mikononi wakati wa kushuka. Aidha, hewa ya Iten, mahali palipo takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa. Kwa hiyo faida ya rimu ndefu huko juu ni ndogo kuliko pwani kwa mwendo uleule.

Tambarare na safari za mchanganyiko. Anayekimbia na kundi katika barabara za Kajiado au Nakuru, akikutana na vilima vya kadiri, atafaa kuchagua milimita 40 hadi 50. Hiki ndicho kina tunachokipendekeza kwa mtu atakayenunua jozi moja tu kwa shughuli zote. Katika nyanda zenye migunga, afikirie pia tairi zisizo na tyubu. Hizi hutiwa dawa ya majimaji ambayo huziba tundu la mwiba kabla upepo haujaisha.

Pwani na mahali penye upepo wa kando. Rimu ndefu hushika upepo kama tanga. Kwenye gurudumu la nyuma, upepo huo husukuma baiskeli kidogo tu. Kwenye gurudumu la mbele, huukamata usukani. Mwendeshaji wa barabara ya Mombasa kuelekea Malindi anajua jinsi kusi inavyovuma miezi ya katikati ya mwaka, na jinsi lori linavyokata upepo ghafla kisha kuuachia kwa kishindo linapokwisha kupita. Kwake tunapendekeza rimu ya mbele isiyozidi milimita 45, na ya nyuma yaweza kuwa ndefu zaidi. Mtu mwepesi, aliye chini ya kilo 60, apunguze kina zaidi, kwa kuwa upepo uleule humsukuma kwa urahisi kuliko mtu mzito.

Mashindano dhidi ya saa. Katika mbio ambazo kila mtu hukimbia peke yake akipimwa kwa saa, rimu za milimita 60 hadi 80 na gurudumu bapa la nyuma, lililozibwa kote, huwa na faida ya wazi. Ni vyombo vya kazi moja na si vya kila siku. Katika mbio za barabara za kundi, kanuni za UCI zimeweka ukomo wa kina cha milimita 65 kuanzia mwaka 2026. Mshindani asinunue rimu ya kina kikubwa zaidi akidhani ataitumia kila mahali.

Barabara mbovu na safari za kila siku. Kwa anayepita katika mashimo, matuta yasiyo na alama na vipande vya changarawe, ushauri wetu ni wa wazi: gurudumu imara la alumini, lenye spoki za kutosha na tairi pana, litamhudumia vizuri zaidi kwa fedha kidogo. Kutonunua kaboni nako ni uchaguzi sahihi, na muuzaji mwaminifu atakwambia hivyo.

4. Breki na joto la mteremko

Swali la kwanza ambalo mnunuzi apaswa kulijibu ni hili: baiskeli yake ina breki za diski au breki zinazobana rimu?

Tuchukue mteremko wa kutoka Iten kupitia Tambach hadi sakafu ya Bonde la Kerio, ambao ni zaidi ya mita 1,000 kwenda chini. Mtu na baiskeli vyenye jumla ya kilo 80, vikishuka mita 1,000, huachia nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo. Iliyobaki lazima iishie katika breki. Kwa breki za diski, joto huingia kwenye diski ya chuma na rimu hubaki salama. Kwa breki zinazobana rimu, joto huingia katika rimu yenyewe. Alumini hulitawanya joto hilo upesi, lakini kaboni hulishikilia mahali pamoja. Joto likizidi, gundi hulainika, ukingo wa rimu hupanuka, na tyubu yaweza kupasuka.

Kwa hiyo, anayeishi milimani na ana breki za kubana rimu tunamshauri abaki na rimu za alumini. Akiamua kununua kaboni, afuate masharti manne. Atumie vipande vya breki vilivyotajwa na mtengenezaji wa rimu peke yake. Asitumie vipande vilivyokwisha kutumika kwenye alumini, kwani huwa vimenasa chembe za chuma zitakazoikwaruza kaboni. Asitumie tyubu za mpira laini wa lateksi. Na anaposhuka, asiburute breki mfululizo. Abane kwa nguvu, aachie, kisha abane tena. Ajue pia kwamba wakati wa mvua, rimu nyingi za kaboni huchelewa kusimama kuliko za alumini.

Rimu iliyotengenezwa kwa breki za diski haina uso wa kubanwa. Kuifunga katika baiskeli ya breki za rimu ni hatari, hata kama fundi atasema kwamba inaingia.

5. Tairi, ndoano na upepo

Kingo za rimu nyingi zina ndoano ndogo kwa ndani, inayoishika tairi isichomoke. Baadhi ya rimu za kaboni za siku hizi hazina ndoano hiyo. Kuziunda ni rahisi na gharama yake ni ndogo, lakini zina masharti makali: tairi lazima iwe ya aina isiyohitaji tyubu, iwe imeidhinishwa kwa rimu isiyo na ndoano, na upepo usizidi baa 5, yaani takriban psi 72. Tairi ikiwa nyembamba kwa rimu hiyo, hatari huongezeka. Jedwali la mtengenezaji la upana wa tairi na rimu lifuatwe bila kukisia.

Jambo hili si la nadharia. Mwezi Februari 2024, katika mashindano ya UAE Tour, Mbelgiji Thomas De Gendt alianguka na tairi yake ikachomoka kwenye rimu isiyo na ndoano. Chanzo cha ajali hiyo kilibishaniwa, lakini baada ya hapo UCI ilitangaza kwamba italichunguza suala la rimu za aina hiyo. Ikiwa wataalamu wenye mafundi wao bado wanajadiliana, mnunuzi wa kawaida asione haya kuuliza: je, rimu hii ina ndoano? Muuzaji asipoweza kujibu, biashara na isimame hapo mpaka jibu lipatikane.

Tunatoa pia onyo kuhusu pampu za vituo vya mafuta. Pampu hizo zimekusudiwa magari, hujaza kwa kasi, na mshale wake haukuundwa kwa tairi ndogo. Mwenye magurudumu ya kaboni awe na pampu yake ya mguu yenye kipimo.

Mwisho, rimu ndefu huhitaji vali ndefu. Vali ya tyubu ya kawaida haitatokeza katika rimu ya milimita 50. Anayesafiri abebe tyubu ya akiba yenye vali inayolingana na rimu yake, la sivyo akiba hiyo haitamfaa kitu njiani.

6. Je, litaingia katika baiskeli yako?

Kabla ya kulipa, andika mambo yafuatayo kuhusu baiskeli uliyonayo, au mwombe fundi wako akuandikie:

a) Aina ya ekseli. Baiskeli nyingi za diski hutumia ekseli ya kupenyeza yenye unene wa milimita 12, na upana wa habu wa milimita 100 mbele na 142 nyuma. Baiskeli nyingi za breki za rimu hutumia ekseli nyembamba ya kufungua kwa mkono, yenye upana wa milimita 100 mbele na 130 nyuma.

b) Aina ya gia za nyuma. Kaseti za makampuni mbalimbali hazikai katika habu ya namna moja. Taja jina la kampuni na idadi ya gia.

c) Namna diski inavyofungwa: kwa skrubu sita, au kwa pete moja ya katikati.

d) Nafasi iliyopo kati ya uma na tairi. Tairi pana juu ya rimu pana yaweza kugusa fremu.

e) Uzito wako. Kila mtengenezaji anayejiheshimu hutaja kikomo cha uzito. Uliza kama kikomo hicho ni cha mwendeshaji peke yake, au pamoja na baiskeli na mizigo. Mtu mzito achague spoki nyingi zaidi, 24 au 28, badala ya 20.

f) Upatikanaji wa spoki na beringi. Spoki ya umbo la pekee ikikatika, na ikawa haipatikani nchini, gurudumu lote litalala miezi likisubiri kipande kimoja.

7. Dukani, mtandaoni na kwa mkono wa pili

Si kila rimu isiyo na jina maarufu ni mbaya. Rimu nyingi za kaboni duniani hutengenezwa Uchina na Taiwan, zikiwemo zile zinazouzwa kwa majina makubwa. Tunachomwonya mnunuzi ni kununua rimu isiyo na mwenyewe: isiyo na namba ya utambulisho, isiyo na maelezo ya vikomo, wala anwani ya kupeleka malalamiko. Muulize muuzaji kama gurudumu limepimwa kwa kufuata ISO 4210, kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ambacho kina sehemu inayohusu upimaji wa magurudumu na rimu. Omba jibu kwa maandishi.

Magurudumu bandia huvaa jina la kampuni mashuhuri kwa kibandiko tu. Dalili zake ni bei ya chini mno, namba ya utambulisho inayokosekana au inayojirudia katika magurudumu yote mawili, herufi zilizopinda, na muuzaji anayekuharakisha. Wasiliana na kampuni yenyewe kwa namba ya gurudumu kabla ya kulipa, si baadaye.

Anayeagiza kutoka ng'ambo ajumlishe bei, usafirishaji, bima, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani. Aulize pia nani atagharimia kulirudisha gurudumu lenye kasoro. Dhamana ya miaka mingi haina maana iwapo kulirudisha kutagharimu nusu ya bei.

Kuhusu mtumba, ushauri wetu ni tahadhari kubwa. Historia ya rimu ya kaboni haisomeki usoni. Ukiamua kununua, iangalie chini ya mwanga mkali, hasa kwenye matundu ya spoki na kingo za tairi. Igonge taratibu kwa sarafu kuizunguka yote. Sauti ikibadilika ghafla kutoka kali hadi butu, huenda tabaka zimeachana. Jaribio hili husaidia kumkataza mtu kununua. Halitoshi kumhakikishia usalama. Mara nyingi dhamana ni ya mnunuzi wa kwanza tu, hivyo wa pili hana pa kukimbilia.

8. Mifano mitatu ya kujifunzia

Tuwafikirie wanunuzi watatu.

Wa kwanza ni kijana wa Iten mwenye kilo 58, anayefanya mazoezi ya mashindano kwa baiskeli ya breki za diski. Muuzaji anamwonyesha rimu za milimita 60 kwa sababu zinapendeza. Sisi tungemshauri rimu za milimita 35, zenye ndoano, na tairi za milimita 28. Atapanda kwa wepesi, atashuka Tambach bila kuyumbishwa, na kwa tairi za aina nyingi hatakuwa mtumwa wa orodha fupi.

Wa pili ni mwalimu wa Mombasa mwenye kilo 85, anayekimbia na wenzake kila Jumamosi alfajiri. Rimu ya mbele ya milimita 45 na ya nyuma ya milimita 50 au 55, zenye spoki 24, zitamfaa. Kwa kuwa yuko karibu na bahari, aulizie pia habu yenye beringi zilizofunikwa vizuri dhidi ya chumvi.

Wa tatu ni mfanyakazi wa Nairobi anayeendesha kilomita 12 kwenda kazini, mwenye baiskeli ya breki za kubana rimu, aliyejiwekea akiba mwaka mzima ili anunue kaboni. Kwake tungesema: nunua tairi nzuri pana kadiri fremu inavyoruhusu, mpe fundi akukazie spoki za rimu zako za alumini, badilisha vipande vya breki, na akiba iliyobaki ikae. Atapata raha na usalama zaidi kuliko kwa rimu mpya.

9. Baada ya kununua

Kabla ya kila safari ndefu, zungusha kila gurudumu ukilitazama, na upapase kingo zake kwa kidole. Baada ya kugonga shimo kwa nguvu au kuanguka, usiendelee hadi gurudumu likaguliwe, tairi ikiwa imetolewa. Ufa wowote ni sababu ya kuliweka kando gurudumu. Rangi na gundi ya dukani haziutibu. Rekebisho la kaboni lifanywe na mtaalamu, na kwa rimu mara nyingi jibu la busara ni kununua nyingine. Gurudumu lililotupwa livunjwe kabisa, lisije likarudi sokoni na kumfikia mtu asiyejua.

10. Haki zako

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaokubalika, haki ya kupewa habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa hizo, haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa hasara au majeraha yanayotokana na kasoro. Haki hizo hutetewa kwa ushahidi. Hifadhi risiti, kadi ya dhamana, maelezo ya vikomo, na mawasiliano yote na muuzaji. Siku ya kupokea, piga picha namba za utambulisho na hali ya rimu. Kasoro ikitokea, acha kulitumia gurudumu, usilirekebishe, mwarifu muuzaji kwa maandishi, na umpe muda wa kujibu. Asipokujibu, lete nakala za karatasi hizo kwetu.

Maswali ya kujipima

1. Katika safari zako za mwezi uliopita, ulipanda milima, ulikimbia tambarare, au ulipita barabara mbovu zaidi?
2. Baiskeli yako ina breki gani, na jibu hilo linabadili vipi uchaguzi wako?
3. Rimu unayoitaka ina ndoano? Upana wake wa ndani ni upi, na kikomo chake cha upepo ni kipi?
4. Spoki ikikatika Jumatatu, utaipata wapi, na lini?
5. Ukiondoa jina na rangi ya gurudumu, je, sababu za kulinunua bado zinatosha?

Mnunuzi aliyejibu maswali haya kwa ukweli kabla ya kuingia dukani amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi. Anayebaki na shaka juu ya swali moja asiharakishe kulipa. Aende na karatasi yake ya vipimo kwa fundi anayemwamini, amuulize, kisha arudi dukani siku nyingine.